Daftari Lililokuwa Wazi Mezani

Watu wa mtaa walimwita Mama Pasi, na jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Tangu akiwa na miaka kumi na tisa alisimama nyuma ya meza ileile katika duka la dobi, mkabala na karakana ya kushona sare za shule, akinyoosha mashati ya watu wasiomjua. Vitambaa alivijua kwa kugusa tu: hiki kinataka moto, hiki kinataka maji kidogo, hiki ukikichezea kitakuaibisha mbele ya mwenyewe. Kitu kimoja tu kilimshinda, na alikificha kama mtu anavyoficha kidonda. Hakujua kusoma.

Mama yake mzazi aliugua yeye akiwa darasa la pili, akatolewa shule ili amuuguze. Mama alipopata nafuu, miaka minne ilikuwa imekwenda na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Kwa hiyo pale dukani, wenzake walipobandika vikaratasi vyenye majina ya wateja, yeye alipitisha nyuzi za rangi ndani ya kola: nyekundu ya mwalimu mkuu, kijani ya yule mnene wa posta, bluu mbili za wakili. Hakuwahi kumpa mtu shati la mwenziwe hata siku moja. Ndiyo maana hakuna aliyegundua.

Mtu wa kwanza kugundua ndiye aliyekuja kumwoa.

Alikuwa mfagiaji wa ile karakana ya ng'ambo, kijana mrefu mwenye vumbi la nyuzi kwenye nyusi. Siku moja aliingia dukani na ufagio kwapani, akasimama mbele ya meza kama mtu aliyeitwa.

"Dada, samahani. Ile kola unaanzia wapi?"

"Kwani unataka kuninyang'anya kazi?"

"Nataka kujua tu. Kule kwetu wananyoosha, lakini za kwako zinalala vizuri zaidi."

Akamwonyesha. Unaanza kwenye ncha, unaelekea katikati, hivyo mikunjo haipati pa kukimbilia. Yule kijana akachomoa mfukoni daftari la shule lililokunjwa mara mbili, akalamba ncha ya penseli, akaandika.

"Unaandika nini?"

"Ulichosema."

"Mimi nimetaja kola, sijatoa hotuba."

Akacheka, akamgeuzia daftari asome kama limekaa sawa. Msichana akalitazama, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndivyo hivyo." Alikuwa amelishika juu chini. Kijana aliona, akalichukua taratibu. Alikuja kuligusia jambo hilo baada ya ndoa, na hata wakati huo alilisema akitazama pembeni.

Kule karakanani walimpa jina la Daftari. Walimtania, "Mali bila daftari hupotea bila habari, na huyu mwenzetu mali hana, ana daftari tupu." Hakukasirika. Wakati wa mapumziko, wenzake wakipiga soga, yeye alisimama nyuma ya fundi wa mashine na kuuliza. Hii skrubu inafunga nini? Kwa nini unaisikiliza kwanza kabla ya kuifungua? Fundi yule alikuwa mkali kama pilipili, lakini hata mkali huchoka kumfukuza mtu asiyechoka kurudi. Miaka mitatu baadaye fundi alianguka akavunjika nyonga, mashine ishirini na mbili zikasimama katika wiki moja, na meneja akauliza nani anajua lolote. Mfagiaji akaweka ufagio ukutani, akafungua daftari.

Hakuupata ufundi kwa siku moja, na hakujifanya ameupata. Kila alichokosea alikiandika pamoja na alichopatia. Mama Pasi alizoea kumwona jioni mezani, mgongo umepinda, akinong'ona huku akiandika: "Mashine ya kumi na saba inakata uzi ikipata joto. Nimelaumu uzi bure. Sindano ilikuwa imeingia fupi, haikufika mwisho." Akawa fundi mkuu wa mashine arobaini. Zilipokuja mashine za umeme akiwa na miaka arobaini na sita, alikwenda kuzisomea chuoni, akikaa benchi moja na watoto waliolingana na binti yake. Walimwita Babu siku ya kwanza, na mwisho wa kozi wakawa wanaazima madaftari yake kabla ya mtihani. Alirudi na cheti, akajenga nyumba ya vyumba vitatu yenye mlango wa kijani, akamsomesha binti yao wa pekee mpaka akawa mfamasia katika mji mwingine. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la mbao lenye madaftari thelathini na nane.

Mara tatu alijaribu kumfundisha mkewe. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi ule wa ndoa, akaleta penseli mbili. Mke akasema, "Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshakauka, mume wangu, ukinikunja nitakatika." Wakacheka wote wawili. Mara ya pili binti yao alipoanza shule: "Jifunzeni pamoja." Akajibu, "Nikashindane na mtoto niliyemzaa? Akinishinda nitamtumaje dukani?" Wakacheka tena. Mara ya tatu ni ule mwaka wa chuo. Mume alikuja na habari kwamba jengo lilelile lina darasa la watu wazima, saa zilezile, waende pamoja na kurudi pamoja. Siku hiyo Mama Pasi alikuwa amesimama kutwa nzima na miguu imevimba.

"Umeoa dobi," akamwambia. "Kama ulitaka karani, ungeoa karani."

Mume akala, akanawa. Hakulitaja tena jambo hilo maishani mwake. Mama Pasi alijua amemkata, na kwa kuwa alijua, akaona haya kurudi nyuma. Neno likishatoka ni kama maji yaliyomwagika, hayazoleki.

Mume alipofika miaka hamsini na tisa, alianza kutembea na daftari dogo mfukoni, mbali na lile kubwa lenye jalada gumu ambalo lilikaa mezani kila siku. Mke hakushtuka. Mvuvi wa samaki huongeza nyavu, na mwenye madaftari huongeza madaftari. Akaanza pia tabia nyingine, na hii mkewe aliifurahia: kila akiingia jikoni alimshika mkono wa kushoto, akaugeuza polepole, akapitisha kidole gumba juu ya kovu la zamani la pasi, kisha akatabasamu. "Hujambo, mke wangu."

"Wenzangu waume zao wakizeeka wanawasahau," aliwatambia majirani. "Wangu ndiyo kwanza anajifunza kunishika mkono."

Daftari kubwa lilikaa wazi mezani. Alilifuta vumbi. Aliweka kikombe cha chai kando yake. Mchana mwingine alifunika jagi la maziwa kwa daftari hilohilo, nzi wasiingie.

Ilikwenda hivyo kwa miaka miwili. Kisha siku moja, saa tisa mchana, gari la karakana likasimama mbele ya mlango wa kijani na meneja mwenyewe akashuka, akamfungulia mzee mlango kama anavyofunguliwa mgonjwa.

"Mama," meneja alisema, sauti chini, "leo asubuhi alifungua mashine ya tisa. Akapanga skrubu zote juu ya kitambaa, kwa mpangilio, kama kawaida yake. Halafu akakaa akizitazama. Tulidhani anafikiri. Saa nne, saa tano, saa saba. Nilipomgusa bega akaniuliza kama mimi ndiye mwenye mashine."

Daktari wa hospitali kuu alisema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba haukuanza jana. Akatazama faili, akamtazama mzee, akaonekana kutaka kuongeza neno, kisha akaliacha. Mama Pasi aliliona lile neno likirudi ndani, lakini siku hiyo hakuwa na nguvu za kulifuata.

Binti alikuja mwishoni mwa mwezi. Alitafuta kadi ya hospitali ya baba yake, akapekua droo, akapekua kabati, mwishowe akafungua lile daftari la mezani akidhani kadi imewekwa ndani. Mama alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Alimwona mwanawe anasoma ukurasa mmoja, kisha wa pili, kisha anaketi bila kutazama kama kiti kipo. Mkono ukaenda mdomoni.

"Imeandikwa nini?"

"Mambo ya kazi tu, mama."

"Mambo ya kazi gani hayo ya kukutoa machozi?"

"Vumbi, mama. Daftari lina vumbi."

Daftari lile halikuwa na vumbi hata chembe. Mama Pasi ndiye aliyelifuta asubuhi. Akaanika nguo zake zote, akazibana vibanio kimoja kimoja, na alipofika kwenye kipande cha mwisho alikuwa ameshaamua. Angeweza kumlazimisha binti amsomee. Angeweza kumpelekea jirani. Lakini yaliyoandikwa mle yalikuwa ya mumewe, yamelala chini ya kikombe chake mwenyewe, na yeye alichoka kuwa mtu wa mwisho kujua mambo ya nyumba yake. Jumamosi iliyofuata alimwomba jirani akae na mzee, akavaa gauni alilonyoosha kwa mkono wake, akaenda kwenye darasa la watu wazima. Alikuwa na miaka hamsini na nane.

Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyewaita wanafunzi wake wote wazee wangu hata waliokuwa wadogo kwake. Penseli ya kwanza ya Mama Pasi ilivunjika kabla ya mstari wa kwanza kwisha.

"Mama, mbona unaikandamiza hivyo?"

"Nimezoea kitu kizito, mwalimu. Ukikilegeza, nguo inabaki na mikunjo."

"Basi herufi hazina mikunjo. Zibembeleze."

Darasa likacheka, naye akacheka, lakini alipofika nyumbani vidole vilimuuma kuliko siku ya mashuka mia ya hoteli. Ba be bi bo bu. Ka ke ki ko ku. Alisoma vibao barabarani akitembea, midomo ikichezacheza. Alishangaa kugundua kwamba duka alilopita kwa miaka thelathini lilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa la mwanamke. Kila kitu mtaani kilikuwa kinasema tangu zamani, yeye tu ndiye aliyekuwa akipita kimya.

Mzee naye alikuwa akishuka upande wa pili wa mlima huohuo. Alisahau majirani, halafu nyumba, halafu vifungo vya shati. Jioni moja mke aliketi mezani kuandika kazi aliyopewa na mwalimu. Mume alikuwa kwenye kiti chake, akimtazama kwa heshima, kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba. Kisha akasogeza kiti.

"Samahani, dada. Unaishika vibaya. Legeza hapa." Akamshika vidole, akavipanga upya juu ya penseli, kimoja kimoja. "Ukiishika hivi huchoki. Mimi mwenyewe nilijifunza nikiwa mkubwa."

"Asante."

"Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Mumeo hakukufundisha?"

"Alitaka. Mimi ndiye niliyekataa."

Mzee akafikiri, akatikisa kichwa. "Usijilaumu sana. Mtu hufunguka siku yake. Atafurahi akikuona."

"Unadhani?"

"Mimi ningefurahi."

Hakuweza kuandika tena jioni hiyo. Alimpikia uji, akamlisha, akamfuta kidevu. Mzee akamshukuru, akimwita dada.

Ilimchukua mwaka na miezi miwili. Alijizuia kulifungua lile daftari kabla ya wakati, kwa sababu hakutaka kulisoma nusunusu na kujaza mapengo kwa hofu. Mwalimu alipompa ukurasa mzima wa gazeti akausoma bila kusimama, alirudi nyumbani, akaosha mikono, akaketi. Mume alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, macho kwenye mwanga.

Mwandiko ulikuwa mzuri mwanzoni. Alisoma kwa kidole.

"Jumatatu. Nimesahau jina la kile kinachobeba uzi wa chini. Nimekaa nalo asubuhi nzima. Bobini. Bobini. Bobini."

"Nimekwenda kwa daktari peke yangu. Amesema ni ugonjwa na hautarudi nyuma. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, jaribu kuandika mambo. Nikacheka mpaka akashangaa."

"Njia ya nyumbani, nimeinakili kwenye lile dogo la mfukoni: toka getini, duka la rangi liwe kulia, hesabu nguzo tatu, mlango wa kijani."

Akageuza ukurasa. Pale mume alikuwa amepiga mstari chini ya maneno.

"Mke wangu: ana kovu la pasi mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Ukimkuta mwanamke jikoni, mshike mkono kwanza, tazama. Kovu likiwepo ndiye. Usimuulize wewe ni nani. Utamuumiza."

Mama Pasi alisoma mistari hiyo mara nyingi, si kwa sababu ilikuwa migumu. Miaka miwili ya kushikwa mkono ilipita mbele yake, yote, na majirani aliowatambia. Akaendelea, maana aliogopa akisimama hataendelea tena.

"Sijamwambia. Utotoni walimtoa shule akauguze mgonjwa. Nikimwambia leo, ataanza kuuguza leo. Acha apumzike kidogo kwanza. Nitajitahidi nimpe hata miaka miwili."

Na chini yake: "Daftari naliacha mezani. Hakuna mahali salama kuliko hapo."

Sentensi ile ndiyo iliyomchinja. Haikuwa na ubaya. Mumewe alikuwa ameandika jambo la kweli, kama alivyoandika kuhusu sindano na mikanda. Aliinuka akaenda jikoni, akashika ukingo wa sinki, akalia bila sauti kama alivyozoea kulia tangu utotoni, mlangoni mwa chumba cha mgonjwa. Alimkasirikia. Ndiyo, alimkasirikia sana: kwa kumwonea huruma, kwa kubeba peke yake, kwa kunywa chai aliyomletea huku ameandika neno lile chini ya pua yake. Halafu hasira ikageuka ikamtazama yeye mwenyewe, na hapo haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Alipotulia alirudi, akachuchumaa mbele ya kiti, akamnyooshea mkono wa kushoto, kovu likiwa juu.

"Tazama," akamwambia. "Ni mimi."

Mzee akaupokea mkono. Akaugeuza, akautazama kwa makini pande zote mbili. Kisha akaurudisha kwa adabu juu ya goti la yule mama mwenyewe, kama mtu anavyorudisha kitu kilichoangushwa na mwenzake.

"Umeungua," akasema. "Pole sana, dada."

Alikufa miezi mitano baadaye kwa homa ya mapafu, asubuhi, hospitalini, mke na binti wakiwa kila mmoja upande wake. Kwenye dirisha la ofisi karani alisukuma karatasi na kidau cha wino bila kuinua kichwa.

"Mama, weka dole gumba hapa chini."

"Nitasoma kwanza."

"Mama, kuna foleni."

"Naiona. Nitasoma kwanza."

Binti alitaka kuichukua karatasi amsomee, mama akamzuia kwa kiwiko. Akasoma kwa kidole, kwa sauti ya chini, watu wakihema nyuma yake. Jina la mumewe alilipita bila shida. Neno lililotangulia jina hilo lilimsimamisha, maana hakuwahi kukutana nalo darasani. Ma. Re. He. Mu. Akaliunganisha. Akalirudia lote kwa pamoja, na ndipo likamfikia, pale dirishani, mbele ya watu wasiomjua. Karani akainua kichwa. Hakuharakisha mtu tena. Mama Pasi akaomba kalamu, akatia sahihi jina lake kamili, herufi zote, na akaishika kalamu kama alivyofundishwa.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, mama na binti walibaki wakikunja mikeka.

"Uliniambia ni mambo ya kazi," mama akasema.

Binti akasimama na mkeka mikononi. "Umesoma?"

"Nimesoma."

"Nilishindwa, mama. Ningekusomeaje maneno yale? Ningeanzia wapi?"

"Sikulaumu. Na mimi ningedanganya." Akaketi kwenye kiti cha dirishani. "Wanasema majuto ni mjukuu. Basi huyu wangu ameshaota meno. Ningekubali siku ile ya chuo, mwanangu, ningemwona anazama mapema. Asingezama peke yake."

Binti akauweka mkeka chini. "Mama, ungejua kusoma, asingeliacha daftari mezani. Pengine asingeandika kabisa. Angebaki nayo kichwani, na kichwa ndicho kilichokuwa kinaondoka. Tusingejua lolote."

Mama Pasi aliligeuza neno hilo, akaona lina ukweli, na ukweli wenyewe haukumpoza. Alibaki nayo yote mawili, bila kujua lipi la kulilia.

Karakana ilituma mtu mwezi uliofuata. Hakuwa fundi kutoka nje. Alikuwa mshonaji wa makamo waliyemwita Kidole kwa sababu sindano ilimchukua ncha ya kimoja. Ndiye aliyepewa kazi ya mashine, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimsumbua mzee kwa maswali.

"Shangazi, nimekuja kwa unyonge. Mashine zinanishinda. Naomba niazime madaftari."

"Kuazima, hapana. Lete lako na penseli, nitakusomea."

Wakakaa siku kumi na saba, jioni moja moja baada ya kazi, sanduku likiwa katikati yao sakafuni. Mama Pasi alisoma polepole, Kidole akaandika. Mara nyingine msomaji hakuelewa anachosoma, akauliza, na mwandishi akamweleza kwa mikono jinsi mkanda unavyolegea au meno yanavyokataa kusukuma kitambaa. Katika daftari la kwanza kabisa, ukurasa wa tatu, alikuta mstari unaosema: "Kola: anza kwenye ncha, malizia katikati. Nimefundishwa na dada wa dobi." Sauti ikamkatika. Kidole akainamia karatasi yake, akajifanya ananoa penseli mpaka sauti iliporudi.

Mashine zinafanya kazi. Kidole sasa ana madaftari yake mwenyewe manne, na wameanza kumtania. Mama Pasi bado ananyoosha nguo siku tatu kwa wiki, miguu ikiruhusu, na Jumamosi yuko darasani, ngazi ya tatu. Mwalimu humketisha na wageni, hasa wale wanaokuja wakisema hawaoni vizuri, au miwani wameisahau nyumbani. Hawabishii. Anawaambia tu wakae karibu na mwanga.

Lakini kurasa kumi na moja za mwisho za lile daftari hazisomeki. Mwandiko pale umevunjika, umepanda na kushuka, herufi zimelaliana. Binti alijaribu akashindwa. Mwalimu naye alizishika kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa, akasema mkono kama huu husomwa na aliyeuzoea, na hata huyo hawi na hakika. Mama Pasi huzifungua Jumapili mchana, akiwa amemaliza kazi zote, na hukaa nazo mpaka macho yachoke. Mpaka sasa amepata maneno sita. Moja ni maji. Moja ni jina la binti yao. Manne yaliyobaki hana hakika nayo, na hamwambii mtu anavyodhani yanasema nini.